Samani za zamani za chumba cha chakula zinahitaji msasa na rangi badala ya kuuzwa kwa hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie jambo linaloonekana dogo lakini linalogusa mifuko ya familia nyingi hapa Dar es Salaam. Kila sikukuu zinapokaribia, kirikuu hupita mitaani zikiwa zimebeba meza za chakula, viti na makabati ya vyombo yaliyouzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu tu mwenye nyumba amechoshwa na weusi wa vanishi ya zamani. Nafasi yake huchukuliwa na seti mpya ya MDF, yaani mbao za kiwandani za nyuzi za mti zilizogandishwa kwa gundi, ambayo maji ya kudeki yakiifikia miguuni mara kadhaa huvimba na kuanza kumeguka.

Kinachouzwa hivyo mara nyingi ni mninga au mvule. Mninga hukua polepole katika misitu ya miombo, kama ile ya Tabora na Katavi, na huchukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Seti ya mti huo ambayo viungo vyake bado ni imara haina kasoro isipokuwa sura, na sura hurekebishika kwa rangi na glezi. Kwa wasioijua, glezi ni rangi nyepesi inayopenya mwanga, ambayo hupakwa juu ya rangi iliyokwisha kukauka na kufutwa papo hapo kwa kitambaa laini, ili ibaki kwenye mifereji ya nakshi na kwenye pembe tu. Kabati lililopakwa rangi ya maziwa likipitishiwa glezi ya kahawia, maua yaliyochongwa milangoni, ambayo chini ya vanishi nyeusi hayakuonekana kabisa, hujitokeza petali moja moja.

Hata hivyo, kazi hii huharibika kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Sehemu ya juu ya egemeo la kiti, pale kila mtu anaposhika anapokivuta, huwa imelowa mafuta ya mikono na polishi ya miaka mingi, na fundi mwenye haraka hupuliza rangi juu yake bila kuiosha kwa sabuni wala kuipiga msasa. Matokeo yake rangi hubanduka kwa ukucha. Msasa namba 120 ukifuatiwa na namba 220 hutosha kuondoa mng'aro ili praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe, ishike. Mninga una tatizo lake la ziada, kwani utomvu wake mwekundu hupenya rangi nyeupe na kuacha madoa ya hudhurungi hata baada ya mikono mitatu ya rangi. Dawa yake ni praima ya kuzuia madoa, si kuongeza rangi.

Jambo la afya nalo lisipuuzwe. Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, huenda zina madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Samani iliyowahi kupakwa rangi za aina hiyo isipigwe msasa mkavu kibarazani huku watoto wakicheza kando. Utumike msasa wa maji, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu badala ya kufagiliwa.

Mimi binafsi siungi mkono kupaka kila kitu rangi, hata kama picha za mitandaoni zinashawishi. Uso wa meza ya mninga ni bora uondolewe vanishi ya zamani na kupakwa mpya isiyo na rangi, kisha miguu na viti ndivyo vipewe rangi na glezi, kwa kuwa uso huo huwekewa sufuria za moto na kufutwa kila siku, na rangi haiwezi kustahimili hayo kama mbao yenyewe. Mahali palipopakwa rangi nyeupe pamalizwe kwa vanishi ya maji, kwani ile ya mafuta hugeuka njano kadiri siku zinavyokwenda.

Naomba basi watengenezaji na waagizaji wa rangi wachapishe maelekezo ya matumizi kwa Kiswahili juu ya makopo yao, yakiwamo muda wa kusubiri kati ya mkono mmoja na mwingine, na wauze praima na glezi katika vipimo vidogo, kwa sababu mtu mwenye viti sita hahitaji kopo la lita 4. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini, nayo, ambayo tayari inafundisha useremala na upakaji rangi, ingefikiria kozi fupi ya jioni ya kukarabati samani kwa mafundi walioko kazini. Wateja wapo, wanachokosa ni fundi ambaye hatawaambia kwamba kazi hiyo ni ya siku moja.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam