Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: tuzo zetu za utafiti

Wanachama wenzangu, salamu kwenu wote. Mambo ya hela na ada mhazini kashayaweka kwenye ripoti yake, hesabu zimekaguliwa, sina la kuongeza. Mimi niongelee tuzo za utafiti wa kimataifa maana hapo ndo kamati imetumia muda mwingi na hapo ndo tumebishana kweli kweli.

Hii fani ya wanafunzi kujifunza kwa kuhudumia jamii jina lake la Kiingereza, service-learning, lilishika Marekani miaka ya 1960, kwenye kazi za kina Robert Sigmon na William Ramsey, alafu 1985 marais wa vyuo vya hukohuko wakaunda Campus Compact, umoja wa vyuo wa kuendeleza kazi hii, kwahiyo si ajabu utafiti mwingi unaopewa tuzo unatoka upande huo. Ila dunia ni pana jamani. Mexico wameweka huduma ya jamii kwa wanafunzi wa vyuo kwenye sheria tangu miaka ya 1940, Afrika Kusini waliiingiza kwenye waraka wa sera ya elimu ya juu wa 1997, Argentina wana CLAYSS, kituo cha Amerika ya Kusini cha fani hii, tangu 2002, na Hong Kong Polytechnic University walifanya somo hili lazima kwa kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuanzia 2012. Kazi ipo na watafiti wapo, sisi ndo tulikua tunasoma Kiingereza tu. Kuanzia sasa tunapokea na kazi za Kihispania, na lugha nyingine kama tukipata jaji wa kuisoma.

Sasa jambo lililotugawa. Kwenye maombi mengi utakuta dodoso la mwanzo wa muhula, dodoso la mwisho wa muhula, majedwali yamepangika vizuri, mwanafunzi kapimwa kila upande, na jamii iliyompokea utaikuta kwenye aya ya shukrani. Sio kwamba kupima wanafunzi ni vibaya. Ule uchambuzi wa 2011 wa Celio, Durlak na Dymnicki ulikusanya tafiti 62 zenye wanafunzi 11,837 ukaonyesha wanafunzi wanafaidika, mpaka kwenye matokeo ya masomo, na umetusaidia sana kuwajibu wakuu wa vyuo wanaouliza faida iko wapi. Lakini hilo limeshajibiwa kwa kiasi kikubwa, na mimi sioni kwanini tuendelee kutoa tuzo kwa mtu anayelijibu tena na tena wakati mama anayeendesha kituo kinachopokea wanafunzi hajaulizwa hata kama anataka wanafunzi wengine mwakani.

Kwahiyo fomu ya kuomba tuzo ina maswali mawili mapya: nani kwenye jamii alishiriki kuandaa maswali ya utafiti, na wanafunzi wakifunga muhula nani anaendelea na ile kazi? Hilo la pili limewaudhi watu, wengine wameniandikia kwamba ni la mradi sio la utafiti. Mi naona ni la utafiti kabisa, manake kama huduma inakatika kila likizo na mtafiti hajaligusa, hayo matokeo yake ni nusu.

Hoja iliyonigusa ni ya wanafunzi wa uzamivu. Kujenga uhusiano na jamii kunachukua miaka na wao wanahesabiwa siku, na ufadhili ukiisha umeisha. Tumekubaliana kundi lao lijadiliwe peke yake, wao waonyeshe mpango tu na jinsi watakavyorudisha matokeo kwa wenyeji, tena kwa lugha wanayoielewa sio PDF ya jarida la kulipia.

Kura ya kuthibitisha vigezo hivi itapigwa kwenye mkutano mkuu, someni fomu kabla, msije kuisomea ukumbini. Na tunahitaji majaji, hasa wanaosoma Kihispania, Kireno na Kifaransa. Kama jina lako au la mwanafunzi wako limo kwenye kazi inayoshindanishwa sema mapema, mwaka huu jaji mmoja kajitoa katikati ya kupitia maombi na majibu yakachelewa kwa kila mtu.