Vyumba vya Makorora vimepatikana

Assalaam aleykum wanakikundi, na habari za jioni kwa wote.

Mama mwenye nyumba amekubali kutupangisha, ili tuwape hifadhi ya muda familia zilizokosa kodi ya kuanzia: vyumba viwili vya uani, 40,000 kila kimoja, tulipe mwezi kwa mwezi. Mungu amzidishie, maana hapa Tanga ukitafuta chumba, Ngamiani hadi Duga, mara nyingi unaambiwa miezi sita kwanza.

Na hapo ndipo watu wanapokwama. Muuza mihogo akijibana anaipata 40,000 ya mwezi. Laki mbili na arobaini kwa mkupuo aitoe wapi? Anaishia kulala sebuleni kwa ndugu, watoto wamegawanywa huku na huku. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini nyumba zake hazimfikii kila mtu.

Kwa hiyo familia itakaa miezi sita. Kodi tunalipa sisi; wao kila mwezi wanaweka 40,000 kwa mweka hazina, kwa jina lao. Wakitoka wana 240,000 mkononi, kodi ya chumba chao wenyewe. Fedha hiyo ni yao, hata wakiondoka mapema.

Chumba cha nyuma kinavuja na masika hayako mbali. Fundi wetu kajitolea, tunahitaji mabati matatu na misumari. Magodoro na vyandarua pia.

Jumamosi saa 2 asubuhi tukutane hapo hapo tusafishe. Nawaomba sana, msitume humu picha wala majina ya familia. Watoto wao wanasoma na wetu.