Umeniuliza tunalala wapi

Sikonge, Tabora
Jumapili jioni

Mpendwa Dativa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana wa mawese, nimeisoma mara mbili. Kurasa tatu nzima ni harusi ya mtoto wa jirani na bei ya dagaa, halafu ukurasa wa nne swali moja tu: "Hiyo hija yenu ya miguu, usiku mnalala wapi?" Hukuuliza tunasali nini, hukuuliza ni kilomita ngapi. Nimecheka peke yangu hapa kwenye cherehani mpaka mteja akanishangaa. Kumbe ni Dativa yuleyule wa bwenini, wa kukung'uta shuka mara tatu na kugombania kitanda cha chini cha dabodeka.

Haya, nakujibu, na nakujibu kweli tupu, maana ukija mwakani halafu ukute sivyo utanisema Ujiji nzima.

Kutoka hapa kwetu mpaka Tabora mjini ni kama kilomita 70, lami. Sisi tulikwenda pole pole, tukalala njiani mara tatu, siku ya nne tukaingia kituo cha hija cha Ifucha. Kutembea kwenyewe usikuogope. Miguu inauma siku ya kwanza, ya pili inazoea, ukipaka mafuta ya mgando kwenye vidole alfajiri hupati malengelenge mengi. Mtihani ni usiku.

Usiku wa kwanza tulilala darasani, shule ya msingi. Ilikuwa mwisho wa Juni, watoto likizo. Madawati yamerundikwa nyuma mpaka usawa wa dirisha, ubaoni bado kuna jedwali la saba kwa mwandiko mzuri wa mwalimu. Wanawake tulikuwa ishirini na sita chumba kimoja, wanaume chumba cha jirani. Sasa wewe uliyezoea joto la ziwani hujui Juni ya Unyamwezini. Mchana jua safi, lakini ikifika saa nane usiku ile sakafu ya saruji inakunywa joto lote la mwili. Mkeka pale ni pambo tu. Kinachosaidia ni boksi, Dativa, boksi la sabuni au la biskuti, unalichana linakuwa bapa, chini yake unatandika kiroba, juu yake kitenge. Kuna bibi wa kigango chetu, tunamwita Bibi Skola, amepita miaka sabini. Yeye alitoka nyumbani na maboksi mawili kafunga kwa kamba mgongoni kama mchuuzi, na vijana walimcheka njia nzima. Saa nane usiku nilimsikia kijana mmoja nje ya mlango wetu akiuliza kwa adabu sana kama Bibi ana kipande cha ziada.

Ukilala ubavu, mfupa wa nyonga ndio unaobeba mzigo wote. Kunja kanga moja uweke chini ya kiuno, nyingine ibane katikati ya magoti. Nilifundishwa hapo hapo gizani, na mgongo wangu huu wa kuinamia cherehani ulikubali.

Kitu ambacho hakuna aliyenitahadharisha ni matobolwa. Unayajua, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa vikaanikwa. Safarini hakuna chakula kizuri kama hicho: hakiozi, kitamu, ukitafuna na karanga unatembea saa tatu bila njaa. Basi mchana kutwa tulitafuna matobolwa. Jioni wenyeji wakatupikia ugali na maharage, sufuria kubwa, tukala tukarudia. Kisha watu ishirini na sita tukafunga madirisha kwa sababu ya baridi. Sitaandika zaidi, barua hii huenda ikasomwa na watoto. Nakuambia tu kwamba litania ya usiku ule haimo kwenye kitabu cha sala, na aliyeanza kucheka alikuwa mama mmoja wa WAWATA, chama chetu cha wanawake Wakatoliki, mwenye heshima zake zote.

Na kukoroma je? Kukoroma kupo. Leta pamba ya masikio, na ulale mapema kabla wakoromaji hawajashika usingizi, maana ukisinzia baada yao umekwisha. Padre aliyetusindikiza alitwambia aliposoma Ulaya aliwahi kutembea kipande cha ile njia ya Mtakatifu Yakobo kule Hispania, inayoishia Santiago de Compostela. Wazungu wanatembea karibu kilomita 800 wakianzia mpakani mwa Ufaransa, ila ukitaka hati yao ya hija unatakiwa kutembea angalau 100 za mwisho. Nikamuuliza, bila shaka wao wanalala hotelini? Akacheka. Wanalala kwenye nyumba za mahujaji, dabodeka tupu, chumba kimoja watu thelathini au arobaini wake kwa waume, saa nne usiku taa zinazimwa, asubuhi na mapema kila mtu atoke. Na wanakoroma, akasema, Mjerumani, Mkorea, Mbrazili, wote lugha moja. Sijui kwa nini habari ile ilinifariji.

Choo ni cha shimo, na foleni ya alfajiri ni ndefu. Amka nusu saa kabla ya wengine, uwe na tochi, malapa na karatasi yako mwenyewe, na usiende peke yako. Kuoga ni ndoo moja ndogo kwa watu wawili, ndani ya kibanda cha nyasi kisicho na paa, nyota zinakuangalia. Mimi siku mbili nilioga pasipoti saizi, uso, makwapa na miguu basi. Miguu hiyo usiiache hata ukichoka vipi: maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, ukauke kabisa, ndipo ulale. Mkipewa nyumba yenye sakafu ya udongo, nyunyizeni maji kwanza na uvae soksi, maana funza naye anasubiri wageni.

Sasa nakupa siri ambayo hapa Sikonge anaijua mtu mmoja tu.

Siku ya pili jioni nilichoka. Si miguu, nilichoka watu. Nilichoka kupangwa foleni, kuchangia ndoo, kusikia pumzi ya mtu shingoni. Tulipofika pa kulala, nikaona ng'ambo ya barabara kibao cha gesti. Nikamwambia katekista wetu kwamba pale kijijini nina binamu yangu, kaniomba nikalale kwake. Binamu! Mimi ambaye ukoo wangu wote unaujua, hakuna hata mmoja upande ule. Katekista akasema sawa mama, saa kumi kamili tunaondoka. Bibi Skola alikuwa anatandika maboksi, akanitazama tu.

Nikalipa shilingi 10,000. Kitanda, godoro, chandarua chenye tundu moja la ukubwa wa kichwa, kitasa kinachofunga ukikibembeleza. Niliingia nikajinyoosha katikati ya kitanda, mikono huku na huku, nikasema leo nalala kama malkia. Nyuma ya ukuta kulikuwa na baa. Mpaka saa saba muziki ulikuwa unatikisa bilauri ya maji kwenye kile kimeza. Ulipozimwa ndipo nikaanza kujikuna. Mwanzoni nikadhani ni vumbi. Nikawasha tochi ya simu, nikaivuta shuka, nikafuata mshono wa godoro kwa kidole, kama ninavyokagua mshono wa nguo ya mteja. Vidoti vyeusi mstari mzima, kama mtu kagusagusa kwa kalamu ya wino. Halafu mmoja akatoka, saizi ya choroko iliyobanwa bapa, mwekundu wa damu yangu, anatembea bila haraka. Nikambana kwa kucha. Ile harufu unaikumbuka ya bwenini? Ndiyo hiyo hiyo. Miaka thelathini na tano nilikuwa nimeisahau.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba, miguu nimeipandisha juu, nimejifunika kanga. Usiku ule ndio niliolia, Dativa. Kwenye ile saruji sikulia hata kidogo. Kule mtu akigeuka na kuguna, mwenzake anamjibu, watu wanacheka gizani, saa inasogea. Mle ndani nilikuwa na kitanda cha kulipia na sina hata wa kumwambia "unaona haya?"

Kibaya zaidi, alfajiri nikapitiwa na usingizi pale pale kitini. Kushtuka, saa kumi na mbili inakaribia. Msafara umeondoka zamani. Hujaji mimi, rozari shingoni, nikapanda bodaboda! Nikawakuta mbele wanaimba, dereva akapiga honi akidhani ananisaidia. Katekista akaniuliza mbele ya watu wote: "Binamu hajambo?" Nikasema hajambo, anawasalimu.

Siku hiyo nilitembea nyuma kabisa. Jioni tukafika kigango kingine, tukapewa ukumbi. Nilipokuwa naweka begi langu chini, Bibi Skola akanishika mkono, akaninyanyua kidevu, akaitazama shingo yangu. Ile mistari ya kunguni unaijua, wanang'ata tatu, nne, kwa safu. Akasema pole pole ili wengine wasisikie: "Mwanangu, huyo binamu yako ana meno."

Hakuuliza zaidi. Alinitoa na begi langu nje, kabla halijagusa vitu vya wenzangu. Akaenda kwa wapishi akaomba maji yanayotokota, tukazamisha kanga, kitenge, blauzi, kila kitu kinachostahimili moto. Viatu na begi tukavikagua kwa tochi, mshono kwa mshono, tukamkuta mmoja kwenye kona ya zipu. Vilivyobaki akavifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akasema usiufungue mpaka nyumbani, na hata nyumbani uanzie uani. Hawaleti malaria, alisema, lakini ukimpeleka mmoja nyumbani utauza kitanda. Usiku ule nililala kwenye boksi lake la pili, nimevaa gauni la kuazima la mama mnene, nikasinzia kabla hata sala ya usiku haijaisha. Asubuhi wakaniambia kwamba nilikoroma kuliko wote, mashine ya kukoboa haifui dafu. Nikawaambia wanasingizia.

Ifucha kwenyewe nitakusimulia tukiwa pamoja. Ni jambo la kusimuliwa kwa mdomo, siyo kwa kalamu yangu hii. Ninachokumbuka kwanza ni nyasi. Tulipofika nilivua viatu nikakanyaga nyasi.

Nilikuwa nafikiri njiani juu ya wapagazi wa zamani, wazee wa wazee wetu huku. Mtu anabeba frasila mbili za pembe za ndovu begani, kilo thelathini na zaidi, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, na kila jioni wanakata matawi wanajenga vibanda vya kulala. Hata hao Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wa kwanza waliofika kwenu Ujiji mwaka 1879, walitoka pwani kwa miguu, na njiani wakamzika mwenzao. Mimi na begi la kilo nane nikakimbilia gesti. Lakini nahisi hata miongoni mwa wale wapagazi alikuwepo mmoja aliyedai ana binamu kijiji cha jirani.

Kwa hiyo ukija: mto wako ule wa maua uache nyumbani, utajaza vumbi bure. Nguo za kulalia zijaze ndani ya foronya, mto huo. Blanketi moja zito, soksi nene, mtandio wa kufunika uso, sindano na uzi, dawa zako za presha usizigawe kwenye mabegi mawili. Nguo za kutembelea zisiwe nyeusi wala bluu iliyokoza, maana tukipita penye pori mbung'o wanazipenda rangi hizo. Maboksi nitayatafuta mimi, yapo dukani kwa jirani, nimeshamwambia aniwekee manne.

Bibi Skola mwakani anakwenda tena. Nikikutana naye sokoni ananisalimia "mwangaluka," naitikia, kisha ananiuliza kama binamu hajambo. Nimemwambia ninaleta rafiki kutoka Kigoma asiyeweza kulala bila kukung'uta shuka, akasema mlete, nafasi ya ukutani ni yake.

Uniandikie mapema utapanda treni ya lini nikupokee Tabora stesheni. Na dagaa niletee wale wakavu wa jua, si wa mchanga kama wa mwaka juzi.

Ni mimi rafiki yako,
Veronika