Barua kwa mwanangu: punda wawili wa babako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusikiliza mara 3, mara ya mwisho nikiwa nimeketi barazani baada ya zamu, hata viatu vya kazi sijavivua. Unasema unataka kuacha kazi ya ofisini huko Mombasa, urudi ufungue biashara ya friza na barafu Kizingitini, kule kisiwani Pate, kwa kuwa umeona wavuvi wanavyouza kamba mawe kwa bei ya kutupa, wakiogopa wasiwaharibikie. Kisha ukauliza kwa sauti ndogo: "Mama, na mambo yakienda mrama?"

Kabla ya kukujibu nina deni nataka nilitaje. Miaka yote hii sijakushukuru sawasawa.

Mwaka 2013 nilikuwa na miaka 33, nauza katika duka la dawa, mshahara mdogo lakini haukosi. Barua ya kukubaliwa chuo cha uuguzi Mombasa ilipofika, niliificha chini ya godoro siku 4. Nduguyo alikuwa na mwaka mmoja na nusu, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Masomo ni miaka 3 na zaidi, na karo hatukuwa nayo. Siku ya 5 nilimwonyesha babako. Akaisoma taratibu, akaikunja, akatoka bila kusema neno. Nikajua amekasirika.

Alirudi baada ya magharibi na noti zimefungwa kwenye pindo la kikoi. Alikuwa ameuza punda 2 kati ya 3 aliokuwa nao. Wewe unajua punda ni nini katika mji wetu huu wa Lamu, Amu yetu, usiopitiwa na gari: mawe ya kisiwa cha Manda, mchanga, saruji, vyote hutoka ukingoni mwa bahari kwa mgongo wa punda. Toka siku hiyo, shogi ya mgongoni mwa punda ikijaa, kilichobaki alikibeba mwenyewe. Niliporudi likizo ya kwanza niliona alama ya kamba begani kwake, ngozi imekuwa ngumu kama ya kisigino. Nilipoigusa aliniondoa mkono, akaniuliza mtihani ulikuwaje.

Bibi yako ndiye niliyemwogopa zaidi. Mimi ni mke wa mwanawe, na mtaani maneno yalishaanza: mwanamke gani aliyeolewa anaacha mtoto mchanga aende kulala bweni? Alinikuta nikikunja nguo. Akanivuta mkono, akasema, "Niatia mwana. Enda kasome." Basi. Waliokuja kumpa pole aliwapa kahawa na kuwaaga.

Na wewe, mwanangu, ulikuwa na miaka 11. Hapa ndipo ninaposhikwa na uzito, kwa maana babako na bibi yako waliulizwa wakakubali, wewe hakuna aliyekuuliza. Uliamka alfajiri ukamwosha nduguyo kabla ya kwenda shule, jioni ukatoka madrasa ukambeba kiunoni huku wenzako wanacheza. Likizo ile ya kwanza nilipoingia uani nikanyoosha mikono, alikimbia akajificha nyuma yako, akaing'ang'ania leso yako. Alikuita wewe mama. Ulichutama ukamgeuza uso, ukamwambia, "Huyu ndiye mama. Mimi ni dada." Ukamwambia tena na tena, bila kuchoka, mpaka akanikubalia nimshike kidole. Usiku ule nililia nikauma kitambaa ili usisikie. Nadhani ulisikia.

Ukaja mwaka 2014. Mwezi wa Juni Mpeketoni ikashambuliwa, watu zaidi ya 60 wakauawa, na mwezi wa Julai, Ramadhani bado haijaisha, ikaja amri ya kutotoka nje usiku. Unakumbuka tarawehe mliyosali nyumbani, mji umenyamaza kama hauna watu. Wageni walitoweka, ujenzi ukasimama, punda yule mmoja akashinda kutwa amefungwa. Nilipiga simu kusema ninarudi. Bibi yako akachukua simu kwa babako: "Ukirudi sasa, wale punda tutakuwa tumewauza bure." Kisha akazidisha kushona kofia za viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia moja ilimla wiki na wiki, na pesa zake zilinifikia kwenye simu saa ileile alipolipwa. Macho yake ya leo unayaona yalivyo. Sehemu yake moja iko kwenye cheti changu.

Watu hunisifu, eti mama yule alikuwa jasiri. Mimi nilikuwa Mombasa, nina kitanda, nina daftari. Mzigo wenyewe mliubeba nyinyi huku Amu. Ahsante, mwanangu. Ahsante kwa kila asubuhi ya miaka ile.

Sasa biashara yako. Hesabu uliyonitumia nimeipitia na kalamu. Sioni mahali ulipoweka siku umeme ukikatika, na samaki hawangoji. Tena umepanga mauzo sawasawa mwaka mzima. Miezi ya kusi bahari ikichafuka wavuvi wengi hawatoki nje ya miamba, basi hiyo ihesabu kama miezi mikavu. Ongea na akina mama wa Kizingitini wanaonunua samaki pale miaka mingi kabla hujalipia chochote. Sikukatazi. Nakuuliza kama nilivyoulizwa mimi kuhusu mtihani.

Yakienda mrama, chumba chako cha juu kipo, na kitanda kimetandikwa. Bangili zangu 2 za dhahabu zimo sandukuni, nilikwisha kuzitoa moyoni kabla hujapiga simu. Nduguyo, ambaye sasa ananipita kwa kimo, anasema likizo hii haendi popote, atakuja kukupakulia barafu. Bibi yako amesikia habari nzima, akaomba nimsimulie tena, kisha akaniuliza kama Kizingitini utapata mtu wa kukupikia.

Babako hajasema neno. Ila leo asubuhi alikuwa ukingoni na manahodha wanaokwenda Pate, akiuliza maji yatajaa siku gani vizuri mashua iliyolemewa ipite mkondo wa Mkanda bila kukwama. Amerudi akitaka kujua friza lina uzito gani. Mpigie umwambie.

Mamako