Barua kwa Mwanangu Kabla ya Usaili wa Alhamisi

Kimara, Dar es Salaam
Jumanne usiku

Mwanangu mpenzi,

Naandika barua hii nikiwa sebuleni, nawe umekwisha lala. Jana usiku nilipopita karibu na mlango wa chumba chako nilikusikia ukijiuliza maswali na kujijibu mwenyewe, na kila ulipofika mahali pa kueleza uzoefu wako sauti ilididimia, kisha ukasema, "Sina uzoefu wowote, ndiyo kwanza nimemaliza chuo." Maneno hayo yamenikaa moyoni tangu jana. Ningeweza kukueleza ana kwa ana, lakini maneno mengi ya mzazi siku za usaili huongeza hofu, na barua unaweza kuisoma taratibu na kuirudia.

Unajua kwamba kwa miaka 22 nimekuwa katibu muhtasi katika ofisi moja kule Posta, na muda wote huo kazi ya kuwapokea wasailiwa imekuwa yangu. Mimi ndiye ninayeshika orodha, ninayewaonyesha pa kukaa na kuwaita majina, na mara nyingi nimeingia nao ndani kuandika kumbukumbu za jopo. Nimewaona waliokuja na viatu vinavyong'aa na sauti kubwa wakakwama kwenye swali la kwanza, na nimewaona waliokaa kimya kwenye benchi, mikono imeshika bahasha, wakaingia na kuzungumza mpaka wajumbe wakaacha kutazama saa. Sikuona kwamba wa pili walikuwa na elimu kubwa zaidi. Walikuwa na jambo walilolifanya kwa mikono yao, na walilijua kiasi kwamba hakuna swali ambalo lingewatoa ndani yake.

Mwaka jana alikuja binti wa rika lako. Alipoambiwa, "Tueleze kuhusu wewe," alianza kusoma kutoka kichwani maneno aliyoyakariri, kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu, anayeweza kufanya kazi katika mazingira yoyote. Mjumbe mmoja akamuuliza kwa upole, "Tupe mfano wa siku moja ulipofanya hivyo." Akanyamaza. Niliandika swali, nikaacha nafasi ya jibu, na nafasi ile ilibaki tupu. Nilisikitika sana, kwa sababu naamini mifano alikuwa nayo. Hakuwahi tu kuambiwa na mtu kwamba maisha yake mwenyewe yanafaa kutajwa mbele ya jopo.

Wewe nakuambia. Kumbuka Desemba ile kikundi chetu cha vikoba kilipofunga mwaka hapa nyumbani, fedha za kwenye sanduku zikapungua shilingi 140,000 kuliko zilizoandikwa daftarini, na macho ya wote yakamgeukia mweka hazina. Ulikaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa, ukaomba daftari la zamani na jipya yawekwe pamoja, ukapitia mstari kwa mstari kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, kidole kikishuka kwenye safu ya marejesho, mpaka ukakuta kwamba malipo ya wanachama wawili, shilingi 70,000 kila mmoja, yaliandikwa mara mbili wakati daftari lilipohamishwa. Mweka hazina alilia. Wiki iliyofuata ulichora ukurasa mpya wenye sehemu ya saini ya anayelipa na anayepokea, na mpaka leo kikundi kinautumia. Unaomba kazi ya msaidizi wa mhasibu, mwanangu, na kulinganisha daftari na fedha taslimu ndiyo kazi yenyewe. Wakikuuliza uzoefu wako, eleza hali uliyoikuta, ulichotakiwa kufanya, ulichofanya hatua kwa hatua, na matokeo yake. Usiseme "tulifanya" mahali ulipofanya peke yako, na usiongeze chumvi hata punje moja.

Hilo la chumvi nalisema kwa uchungu, maana lilinipata. Mwaka 1998 niliitwa kwenye usaili wa ukatibu, wakaniuliza kama najua kompyuta, nami nikajibu kwamba naijua vizuri, ilhali nilichokijua ni mashine ya kupiga chapa peke yake. Wakanipeleka kwenye meza ya pembeni, wakanipa barua niichape. Sikujua hata pa kuiwashia. Nilikaa mbele ya kile kioo cheusi huku mikono ikitetemeka, na yule mama aliyenisimamia hakunikaripia, alinitazama tu, akaichukua karatasi. Usaili uliofuata, kwingine, nilisema wazi kwamba mashine ya chapa naimudu, kompyuta ndiyo nimeanza kujifunza jioni, na kwamba nikipewa majuma machache nitaweza. Waliniajiri. Kwa hiyo wakikuuliza programu ya uhasibu usiyoijua, sema hujaitumia, kisha taja ile uliyofundishwa chuoni na ueleze uliifanyia nini.

Najua kinachokutisha zaidi ni Kiingereza. Wengi wanaokuja kwetu husailiwa kwa lugha hiyo, na nimeona vijana wenye akili wakionekana hawajui kitu kwa sababu walikuwa wakitafuta maneno. Fikra zako zipange kwanza kwa Kiswahili, kama utakavyonisimulia mimi, halafu uzitafute kwa Kiingereza kwa sentensi fupi ulizozizoea, bila kukimbilia maneno makubwa. Usipolisikia swali, omba lirudiwe. Sijawahi kuona jopo likimkatia mtu alama kwa kuomba hivyo, lakini nimewaona wengi wakijibu swali ambalo hawakuulizwa. Pumua kabla ya kujibu. Kimya ambacho wewe unakiona kirefu mno, kwa wanaokusikiliza ni kifupi.

Ukiulizwa mshahara, taja kiwango cha chini na cha juu baada ya kuwauliza wenzako waliokwisha ajiriwa. Wakikuuliza kama una mpango wa kuolewa au kupata mtoto, jibu kwa adabu kwamba ungependa kuzungumzia kazi yenyewe, na ujue moyoni kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ndoa au ujauzito, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa bado. Na yeyote atakayekupigia simu kutaka fedha "za kushughulikia faili lako", hata akijua jina lako lote, mkatie simu.

Yale maombi ya kazi za serikali uliyotuma kupitia Sekretarieti ya Ajira usiyasahau kwa kuwa umeitwa huku. Huko utaanza na mtihani wa mchujo kabla ya mahojiano, nao hutaka vyeti halisi. Hati ya matokeo peke yake hawaikubali, na jina likitofautiana kati ya cheti na kitambulisho utasumbuka mlangoni. Jina lako la kati limekosewa herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa, na kosa ni langu, sikulikagua siku ile. Juma lijalo tutakwenda kulishughulikia.

Alhamisi tutatoka pamoja saa kumi na mbili kasoro robo, kwa sababu foleni ya mwendokasi hapa Kimara unaijua, na mvua ikinyesha usiku maji hujaa Jangwani na mabasi hayapiti. Tukishuka Posta ya Zamani mapema, utakaa nami ofisini unywe chai mpaka muda ukaribie. Ukifika kwao, msalimie mlinzi, msalimie na dada wa mapokezi. Nakwambia haya kama mtu wa mapokezi: wakubwa hutuuliza mgeni alifikaje na alisema nini, nasi huwajibu.

Sketi yako nyeusi nimeipiga pasi, iko nyuma ya mlango. Vyeti nimeviweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, pamoja na nakala mbili za wasifu wako. Kesho jioni nikirudi kazini, nitaketi upande wa pili wa meza ya chakula nikuulize maswali, nawe unisimulie habari ya lile daftari kana kwamba sikuwepo.

Mama yako akupendaye