Harambee: mashimo ya Sirikwa yapigwe picha kabla trekta halijafika

Wazee wetu, akina mama, vijana wa Nakuru na Lanet, nanyi mlio mbali: tunachanga Sh128,000.

Mashimo ya Sirikwa, wafugaji wa kale, yaliyoko Hyrax Hill, pale mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba mwaka 1937, yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Yaliyo kwenye mashamba ya watu hayana mlinzi. Yalikuwa mazizi ya ng'ombe, mviringo, upana wa mita 10 hivi, na kando ya lango kuna kichuguu cha samadi na tope lililozolewa ndani. Shamba likilimwa misimu michache tu, kichuguu husambaa na shimo hujaa. Shamba likikatwa ploti, basi tena.

Mbona tusitumie picha za setilaiti za bure? Tunazitumia. Setilaiti za Sentinel-2 hupita kila baada ya siku 5, lakini pikseli yake ni mita 10, yaani shimo zima ni nukta moja. Barabara mpya au machimbo utayaona, shimo hulioni. Ndiyo maana tunataka droni.

Rubani mwenye leseni, siku 2, ni Sh70,000. Kukodi GPS ya wapimaji 16,000, diski 2 za kuhifadhia 20,000, nguzo 20 za zege 18,000, na mbao 8 za alama 4,000.

Hizo mbao ndizo watu hutaka tuziondoe. Ni plaiwudi ya sentimita 50 kwa 50, nyeusi na nyeupe, hutandazwa pembezoni na katikati, kila moja ikapimwa kwa GPS. Bila hizo, programu inayounganisha picha huelekea kuupinda uwanja mzima, katikati ukavimba au ukabonyea. Mwakani ukilinganisha, utaambiwa udongo umeondoka mahali ambapo jembe halikugusa. Haziondoki.

Tutarusha Januari au Februari, nyasi zikiwa fupi: asubuhi jua likichomoza, kivuli kichore ukingo wa shimo, kisha saa sita kwa ajili ya ramani. Picha zipandane asilimia 80 mbele, 70 ubavuni. Kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, ni lazima (kambi ya jeshi ya Lanet iko jirani, msitushauri njia za mkato), na kila mwenye shamba ataombwa ruhusa kwanza. Ramani itakabidhiwa Makumbusho na kaunti. Mtandaoni hatuiweki, wachimba "dhahabu" nao wana simu.

Mchango apewe mweka hazina, mdai risiti. Asiye na pesa aje na panga, kuna nyasi za kufyeka kuzunguka alama.