Wito wa Harambee ya Pili kwa Ajili ya Ndugu Yetu Mkwezi

Wapendwa katika Bwana,

Tunawaandikia kwa kuona haya, kwa kuwa wakati wa Pasaka mlikwisha kutoa, tena mlitoa kwa moyo: shilingi 312,400 zililipa deni la hospitali na kununua kiti cha magurudumu cha ndugu yetu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi akaumia uti wa mgongo. Wengi wetu tulidhani kazi imekwisha. Kiti kipo, kimeegemezwa ukutani, na mwenyewe hii ni wiki ya tatu hajakikalia.

Kinachomlaza ni maumivu. Miguu yake haisikii hata ukiifinya, lakini usiku inawaka kama iliyotiwa kwenye makaa. Mamake huloweka kanga katika maji ya mtungi akamfunika nyayo, naye kijana huyaona maji yakichuruzika asiyasikie, moto ukiwa palepale. Daktari ametueleza kwamba mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa hupeleka kwenye ubongo habari za moto usiokuwapo, na kwamba maumivu ya namna hii hayatulizwi na parasetamoli bali huhitaji dawa kama amitriptilini au gabapentini, ambazo humezwa kila siku kwa miezi. Kwa kukosa usingizi ameacha mazoezi, viungo vimeanza kukakamaa, na sasa sonona imemshika, hata amemwambia mamake asimgeuze tena usiku, ilhali akilalia ubavu mmoja muda mrefu atafanya vidonda.

Wapo miongoni mwetu walionong'ona kwamba amepungukiwa na imani. Tunawasihi waache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 kwamba kati ya watu 100 walioumia uti wa mgongo, 20 hadi 30 huwa na dalili za sonona. Eliya naye aliketi chini ya mretemu akaomba afe, na Mungu hakumkemea, bali alimpelekea mkate na maji.

Tunaomba shilingi 36,000 kwa mwezi, yaani 216,000 kwa miezi sita: dawa 9,000, mshauri nasaha 10,000, gari la kumpeleka kliniki 12,000, na mipira ya mkojo pamoja na pedi 5,000. Fedha zote zitapokewa na mweka hazina kwa stakabadhi, na hesabu itasomwa kanisani kila mwisho wa mwezi. Wale ambao ahadi zao za Pasaka bado hazijafika, majina yenu hatutayasoma. Mnajijua, naye mama yule huwasalimu kila Jumapili.

Harambee itakuwa Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili. Asiye na fedha alete kuku au nazi, tutanadi. Miadi ya kwanza ya ndugu yetu kwa mshauri ni Jumanne inayofuata, na gari bado halijalipiwa.

Kamati ya Huruma